Mbolea iliyo hewani: kwa nini pakiti ya bakteria hulipa shamba moja na kushindwa jingine

Anayenunua mfuko wa urea hununua gesi asilia bila kuiona. Ndiyo maana bei ya mbolea hiyo hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mkulima wa Mbozi au Kitale hana uwezo nazo. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, tani moja ya urea katika soko la kimataifa iliuzwa kwa wastani wa takriban dola 230 za Marekani mwaka 2020. Kufikia Aprili 2022, baada ya bei ya gesi kupanda na vita kuanza Ukraine, ilikuwa imepita dola 900.

Serikali za Afrika Mashariki zililazimika kuingia kati. Tanzania ilizindua ruzuku ya mbolea Agosti 2022 jijini Mbeya, ikatenga shilingi bilioni 150, na mfuko wa kilo 50 wa urea uliokuwa umepita shilingi 100,000 ukashushwa hadi shilingi 70,000. Kenya ilishusha mfuko kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 za Kenya Septemba mwaka huo, na mwaka 2023 ukafika 2,500.

Tangu hapo bidhaa moja ya siku nyingi imepata nguvu mpya madukani, nayo ni pakiti ya unga mweusi wenye bakteria hai, ambao mkulima huuchanganya na mbegu za soya, maharage au karanga kabla ya kupanda. Wauzaji wengi huiita chanjo ya mbegu. Kenya inayo Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kutengenezwa na kampuni ya MEA. Tanzania iliwahi kuwa na Nitrosua, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Kwa ekari moja, pakiti hizi hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mfuko wa urea.

Hata hivyo, mkulima mmoja huitumia na kuongeza magunia, na jirani yake huitumia bila kuona tofauti yoyote. Wa pili hurudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa masizi. Mara nyingine ni kweli bakteria walikuwa wamekufa. Lakini mara nyingi jibu limo katika mashine iliyo ndani ya bakteria wenyewe, mashine ambayo wanasayansi wamekuwa wakiipiga picha kwa zaidi ya miaka 30. Kilichoonekana katika picha hizo kinamhusu mkulima na mwenye duka moja kwa moja, kwa sababu kinaonyesha mashine hiyo inakula nini.

Viwanda viwili, kazi moja

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Mmea umezungukwa na naitrojeni usiku na mchana, lakini hauwezi kuitumia, kwani chembe zake huenda mbili mbili zikiwa zimeshikana kwa kifungo kigumu sana. Kifungo hicho kikivunjwa, hupatikana amonia, na kutoka amonia hutengenezwa urea, CAN na mbolea nyingine za kukuzia.

Mjerumani Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 jinsi ya kukivunja, na Carl Bosch wa kampuni ya BASF akafungua kiwanda kikubwa huko Oppau mwaka 1913. Njia yao ndiyo inayotumika hadi leo: joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, mgandamizo wa zaidi ya mara 100 ya ule wa hewa ya kawaida, na haidrojeni ambayo kwa sehemu kubwa hutolewa katika gesi asilia au makaa ya mawe. Gesi ikipanda, mbolea nayo hupanda.

Bakteria wa udongoni hufanya kazi hiyo hiyo katika joto la kawaida la shamba, bila bomba la gesi. Baadhi yao, wa jamii ya rhizobia, huingia katika mizizi ya mimea ya mikunde na kujenga vinundu. Chombo chao ni kimeng'enya kiitwacho naitrojenasi.

Picha ya mashine

Kimeng'enya ni kidogo mno kuonekana kwa darubini ya kawaida. Njia iliyotumika kwanza ilikuwa kukikusanya kwa wingi, kukiacha kijipange kuwa fuwele mithili ya chembe za chumvi, kisha kukipiga kwa mionzi ya eksirei. Jinsi mionzi inavyotawanyika ndani ya fuwele huonyesha kila chembe imekaa wapi. Kwa naitrojenasi kazi ilikuwa ngumu kuliko kawaida, kwa sababu oksijeni huiharibu. Kila hatua ilibidi ifanyike bila hewa.

Mwaka 1992 kundi la Douglas Rees katika Taasisi ya Teknolojia ya California (Caltech), Marekani, lilichapisha maumbo ya sehemu zake kuu, yaliyopatikana kwa bakteria wa udongoni aitwaye Azotobacter vinelandii. Ilidhihirika kwamba mashine si kitu kimoja. Ni protini mbili zinazofanya kazi kwa kupokezana. Ndogo hubeba kifundo cha chuma na salfa. Kubwa ina vifundo vya aina mbili: cha kwanza, cha chembe 8 za chuma na 7 za salfa, hupokea mzigo na kuupitisha, cha pili, ambacho ndicho meza ya kazi ambapo naitrojeni huvunjwa, kina chembe 7 za chuma, 9 za salfa na 1 ya madini ya molibdenamu. Katikati ya kifundo hicho cha pili kulikuwa na kitu ambacho picha za awali hazikukionyesha. Kilionekana mwaka 2002, na mwaka 2011 kikathibitishwa kuwa chembe moja ya kaboni.

Mzigo unaopokezanwa ni elektroni, yaani umeme wenyewe, chembe moja moja. Swali lililobaki lilikuwa namna protini hizo mbili zinavyokutana, kwa kuwa hushikana kwa muda mfupi sana na kuachana. Mwaka 1997 Rees, akishirikiana na James Howard wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzao, alichapisha umbo la protini hizo zikiwa zimeshikana. Walitumia kiungo cha alumini na floraidi kilichozizuia kuachana, zikabaki kama watu waliokwama wakipeana mikono. Katika mkao huo kifundo cha protini ndogo kilikuwa kimesogea karibu na kile cha kubwa, pengo likibaki takriban nanomita 1.4. Upana wa unywele ungegawanywa mara 50,000 ndipo ufikie kipimo hicho. Elektroni huweza kuruka pengo kama hilo. Likiongezeka kidogo tu, mruko hupungua kasi mara nyingi.

Malipo kwa kila safari

Hapa ndipo sayansi inapogusa mfuko wa mkulima. Protini ndogo hubeba elektroni moja tu kwa safari. Hufika, hushikana na kubwa, hukabidhi mzigo, huachana nayo, kisha huenda kuchukua mwingine. Ili kuvunja jozi moja ya naitrojeni na kupata amonia mbili, zinahitajika elektroni 8, hivyo safari ni 8. Mbili kati ya hizo huishia kutengeneza gesi ya haidrojeni, ambayo haimfaidii mkulima kitu.

Kila safari hulipiwa. Malipo yake ni ATP, kemikali ambayo viumbe vyote hutumia kama sarafu ya nguvu mwilini. Safari moja hugharimu ATP 2, kwa hiyo kazi nzima hugharimu zisizopungua 16. Mashine yenyewe ni ya polepole: jozi moja ya naitrojeni huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja, wakati vimeng'enya vingi hufanya kazi mamia ya mara katika muda huo. Kwa hiyo bakteria hulazimika kutengeneza mashine nyingi sana ndani ya kila kinundu.

Anayelipa bili hiyo ni mmea. Majani hutengeneza sukari kwa jua, huiteremsha hadi kwenye vinundu, na bakteria huigeuza kuwa ATP. Naitrojeni ya hewani haina risiti ya dukani, lakini bure si bure.

Bili hiyo inaeleza mambo manne ambayo mabwana na mabibi shamba wamekuwa wakiyasema kwa miaka mingi bila mkulima kuelezwa sababu zake.

La kwanza ni fosforasi. ATP imejengwa kwa fosfeti. Fosfeti hiyo hairuki hewani. Hurudishwa kazini tena na tena, lakini ni lazima iwepo ya kutosha tangu mwanzo. Mashamba mengi ya Afrika Mashariki yana upungufu wake. Mkulima anayechanja mbegu katika udongo usio na fosforasi ni sawa na aliyeajiri mafundi bila kuwapa umeme. Ndiyo maana chanjo na mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kama TSP au ile itokanayo na mwamba wa Minjingu mkoani Manyara, mara nyingi hufanya vizuri vikiwa pamoja kuliko kila kimoja peke yake.

La pili ni tindikali ya udongo. Molibdenamu inahitajika kwa kiasi kidogo mno, gramu chache tu kwa ekari, lakini bila hiyo meza ya kazi haijengeki. Udongo wenye tindikali kali huishikilia isifikie mizizi, na tindikali hiyo hiyo huwadhoofisha bakteria. Katika shamba la namna hiyo chokaa inaweza kuwa pembejeo muhimu kuliko pakiti yenyewe. Kipimo cha udongo ndicho kinachoamua, wala si maneno ya muuzaji.

La tatu ni urea. Mmea ukikuta naitrojeni nyingi iliyo tayari udongoni, hauoni sababu ya kulipa ATP 16. Hupunguza vinundu na kula ya bure. Anayechanja soya kisha akaikuzia kwa urea amelipia kitu kimoja mara mbili na kupata kimoja.

La nne ni rangi ya kinundu. Kwa kuwa oksijeni huiua mashine, mmea hutengeneza protini nyekundu, ndugu wa ile iliyo katika damu, inayoshika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo. Mkulima anaweza kung'oa miche michache inapoanza kutoa maua na kukata vinundu kwa wembe. Vikiwa vyekundu au vya rangi ya waridi, kiwanda kinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au visipokuwepo kabisa, kuna tatizo, na msimu huo bado haujapita wa kujifunza.

Ndoto ya mahindi

Mikunde hupata huduma hii kwa sababu ilikwisha kufanya mkataba na bakteria. Mahindi, mpunga na ngano havina mkataba huo, na ndivyo vinavyomeza mbolea nyingi zaidi ya kukuzia. Haishangazi basi kwamba fedha nyingi za utafiti na biashara zimeelekezwa huko.

Nchini Marekani tayari zinauzwa bidhaa za bakteria wanaonasa naitrojeni kwa ajili ya mahindi na nafaka nyingine, zikiahidi kupunguza mbolea. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya majimbo ya kaskazini ya kati ya nchi hiyo, kikiwemo North Dakota State University, walitoa matokeo ya majaribio 61 ya bidhaa kadhaa za aina hiyo. Ongezeko la mavuno lilionekana katika majaribio 2 tu. Hiyo haimaanishi kwamba wazo limekufa. Inamaanisha kwamba bakteria anayeishi nje ya mzizi, asiyepewa sukari ya uhakika wala kukingwa na oksijeni, hana njia rahisi ya kulipa bili iliyoelezwa hapo juu.

Njia nyingine ni kuihamishia mashine yenyewe ndani ya mmea wa nafaka. Hapo oksijeni ndiyo kikwazo kikubwa, kwani majani hutoa oksijeni mchana kutwa. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha tafiti mbili kuhusu suala hilo, moja ya kundi la Chuo Kikuu cha California, San Diego, na nyingine ya kundi la Oliver Einsle wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Safari hii fuwele hazikuhitajika, kwa kuwa protini ziligandishwa ghafla na kupigwa picha kwa darubini ya elektroni. Zilionyesha jinsi Azotobacter, anayeishi huru udongoni penye hewa, anavyojikinga: oksijeni inapozidi, protini ya tatu huzibana zile mbili pamoja, mashine ikafungwa na kufunikwa, na hatari ikipita huachiliwa kuendelea na kazi. Ni mfano wa duka linaloteremsha mlango wa chuma wakati wa vurugu.

Kwa wanaotaka mahindi yajitengenezee mbolea, hiyo ni habari njema, maana sasa wanaijua kufuli na wameona inavyofungwa. Lakini kati ya kuona kufuli na kuwa na mbegu dukani kuna kazi ya miaka mingi. Mfanyabiashara atakayeambiwa kwamba bidhaa fulani inafuta urea kwenye mahindi ana haki ya kuuliza majaribio yalifanyika wapi, misimu mingapi, na nani aliyapima mbali na mwenye bidhaa.

Hesabu ya ekari na hesabu ya nchi

Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Soya iliyochanjwa na kutunzwa vizuri inaweza kunasa kilo 100 kwa hekta au zaidi, ambazo ni sawa na mifuko minne na ziada. Kwa bei ya ruzuku ya Tanzania ya msimu wa 2022/23, hiyo ni zaidi ya shilingi 300,000. Maharage ya kawaida ni dhaifu zaidi na mara nyingi hayafiki nusu ya kiasi hicho, hivyo anayeuza chanjo ya maharage asitumie hesabu ya soya.

Pia haifai kudhani kwamba mahindi ya msimu unaofuata yatarithi mifuko yote minne. Tani moja ya soya huondoka na takriban kilo 60 za naitrojeni ndani ya punje. Kinachobaki shambani ni kilichomo katika mizizi, majani na mabua. Mkulima akiyachoma mabaki au kuyauza yote kama malisho, faida kwa mahindi huwa ndogo. Akiyarudisha udongoni, mahindi hupata kitu, ila bado yatahitaji mbolea, pengine pungufu.

Njia ya kumaliza ubishi ni ya gharama ndogo: vipande vitatu vya shamba, kimoja bila kitu, cha pili chenye chanjo, cha tatu chenye chanjo na mbolea ya fosforasi. Mavuno yapimwe kwa mizani kila kipande peke yake. Kundi la wakulima 20 likifanya hivyo kijijini litapata dalili baada ya msimu mmoja kama tatizo lao ni bakteria au fosforasi.

Kwa mwenye duka, bidhaa hii ni kiumbe hai, haifanani na mfuko wa mbolea. Jua na joto huiua. Pakiti iliyokaa juu ya bati dirishani, au iliyopita tarehe yake, haina tofauti na vumbi, hata kama lebo ni halali. Bakteria wa soya si wa maharage, kwa hiyo muuzaji anayempa mteja pakiti yoyote iliyopo humpoteza mteja huyo. Wenye uwezo wa kuhifadhi mahali pa baridi na kuagiza kiasi kidogo karibu na msimu ndio wanaofaa kuibeba.

Kwa serikali, hoja ni kubwa zaidi. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana mjini Abuja kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, na lengo hilo halikufikiwa. Walipokutana tena Nairobi Mei 2024, afya ya udongo iliwekwa katika jina la mkutano wenyewe pamoja na mbolea. Maneno hayo yatapata maana endapo fedha za ruzuku zitapimwa kwa swali moja: ni kirutubisho gani kinachozuia shamba hili? Shilingi inayopunguza bei ya urea hulinda mavuno ya mwaka mmoja na kuiacha nchi ikisubiri bei ya gesi ya wengine. Shilingi inayoweka fosforasi, chokaa na vipimo vya udongo karibu na mkulima wa mikunde huwasha kiwanda ambacho tayari kimo shambani mwake.

Hakuna anayepaswa kuacha urea kwenye mahindi kwa sababu ya picha zilizopigwa California au Freiburg. Lakini picha hizo zimeonyesha kwamba bakteria naye ana gharama za uzalishaji kama mfanyabiashara mwingine yeyote: nguvu, malighafi na ulinzi. Pakiti ya unga mweusi humleta fundi, ila mtaji wa fundi ni lazima uwe umetangulia kufika udongoni.